Shangazi, niuze nyimbo zangu tisa nimtoe mama kwenye deni?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Mbagala na mke wangu na mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu. Safu yako huwa naisoma kwa sababu ya mama, ndiye anayenitumia kila ikitoka. Sikuwahi kudhani na mimi nitaandika.

Naimba tangu shule ya msingi. Kwa miaka minne nimerekodi nyimbo tisa. Nane nilizitoa kidogo kidogo kwa hela ya kuungaunga, hazikufika popote. Mwaka jana nikasema huu wa tisa ndio wa kutokea, lazima niufanye kama wanavyofanya wakubwa. Nikauza pikipiki niliyokuwa naendesha bodaboda, nikapata 1,500,000. Mke wangu akatoa 300,000 alizopata walipovunja kikoba. Mama akaenda kukopa milioni moja kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa, kausha damu, akaniambia tu, "Wewe imba, mengine nitajua mwenyewe."

Hela zilikwenda hivi. Mdundo na kurekodi 250,000. Kichupa 1,600,000, maana tulikodi nyumba Mbezi Beach, gari la saa mbili, madensa na dairekta. Hela ya soda kwa watu wa redio 400,000. Kurasa za udaku za kuniposti 350,000. Kununua viyu 200,000. Zikaisha.

Shangazi, kichupa kina viyu 190,000 na mimi sijapata hata mia. Chaneli ina wafuasi 640, na ilifunguliwa kwa baruapepe ya dairekta. Kampuni inayonisambazia nyimbo mtandaoni imeniandikia dola 9 kwa mwaka mzima. Shoo niliyoitwa ni moja tu, ya baa. Waliniahidi laki, wakanipa 30,000 na soda mbili.

Mwezi wa tatu wale wakopeshaji walikuja nyumbani wakabeba friji la mama. Alikuwa anauzia barafu na juisi ya ukwaju, ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Bado wanadai 780,000. Mama hanilaumu, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Sasa amejitokeza mdau. Anasema ananipa 2,500,000 taslimu nikisaini naye miaka saba. Nyimbo zote tisa zinakuwa zake, mkataba umeandika "haki zote, popote duniani, milele". Kwenye shoo yeye anachukua 70 kwa 100, na gharama atakazotumia kwangu zinarudishwa kwanza kutoka kwenye ile 30 yangu. Nikiondoka kabla ya muda namlipa milioni 50. Ameniambia niamue ndani ya wiki mbili.

Rafiki zangu wanasema saini, muziki wenyewe umekufa, hizo nyimbo utazifanyia nini? Na kweli Bongo Fleva siku hizi siielewi. Kila wimbo una mdundo uleule wa amapiano, ukumbini wanapiga Wanaijeria, na wimbo ukitoka baada ya wiki mbili hakuna anayeukumbuka. Kurudi bodaboda naona aibu, kijiweni wanaitana kwa jina langu la usanii wakicheka.

Kuna siku nilienda harusi ya jirani, umeme ukakatika, wakaniomba niimbe tu bila kitu. Nikaimba wimbo mmoja niliomtungia bibi yangu, ambao prodyuza aliukataa kwa kuwa hauendani na trendi. Wakanitunza, nikahesabu 47,000. Nilijisikia kama ombaomba.

Nisaini au niache muziki kabisa?

Kijana wa Mbagala

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikaa miaka kumi na moja kwenye milango ya kumbi za dansi hapa mjini nikikata tiketi na kushika daftari la hesabu la bendi. Kwa hiyo mtu akiniandikia habari za muziki, macho yangu huenda kwenye tarakimu kwanza. Na tarakimu zako zimeniliza.

Usisaini karatasi hiyo. Nalitanguliza hili kwa sababu umepewa wiki mbili na barua imechukua siku kunifikia.

Sasa tumzungumzie mama yako, maana deni lake ndilo linalokusukuma usaini. Unaona 2,500,000 unaona friji limerudi. Deni lililobaki ni 780,000, mwanangu. Unataka kutoa nyimbo tisa na miaka saba ya ujana wako kwa deni ambalo pikipiki ya hesabu, ya mtu unayempelekea chake kila siku, inaweza kulimaliza ndani ya miezi kadhaa. Kwanza mwambie mama akuonyeshe karatasi aliyosaini. Kama hakupewa nakala, mwende mkaidai. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji wa aina hii wanatakiwa kuwa na leseni, na Benki Kuu ndiyo msimamizi. Muulizeni huyo mkopeshaji leseni yake iko wapi. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uulize wasaidizi wa kisheria wa kata yenu wanapatikana siku gani. Wapo kwa sheria ya 2017 na huduma yao ni bure. Watakueleza kama friji lilichukuliwa kihalali, na watakaa nanyi na mkopeshaji mpange kulipa kwa mafungu. Usimwache mama aende peke yake. Alikwenda kukopa peke yake, inatosha.

Na kijiweni urudi. Kama huna pikipiki, chukua ya mtu uendeshe kwa hesabu. Wakikuita kwa jina la usanii, itika, jina ni lako na umelilipia. Aibu uliyonayo ni ya kijana aliyejaribu, haina ubaya wowote. Mimi aibu ningeiona kwa mwanamume mwenye nguvu aliyekaa ndani anasubiri viyu viongezeke huku mama yake hana pa kugandishia barafu.

Nije kwenye mkataba. Neno la hatari humo ni dogo kuliko yote: "milele". Kwa sheria yetu, haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake wimbo mmoja kati ya hizo tisa unaweza kumlisha mwanao akiwa mzee mwenye wajukuu. Huyo bwana anajua hilo. Kwa 2,500,000 kugawa kwa tisa, ananunua kila wimbo kwa chini ya 280,000, karibu sawa na ulichomlipa prodyuza. Yaani anakurudishia gharama ya kurekodi, kisha anachukua urithi wa mtoto.

Haya nimeyaona kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bongo Fleva ilipokuwa inauzwa kwa kaseti, vijana wengi walipanda Kariakoo na albamu mkononi wakauza kila kitu kwa donge moja kwa msambazaji. Donge lilinunua simu na nguo za sikukuu. Hakuna aliyekuwa na wazo kwamba siku moja wimbo utakuwa muito wa simu, kisha utaingia mtandaoni na kusikilizwa na mtu aliyeko Muscat. Nyimbo zile zinapigwa hadi leo, lakini aliyeziimba alishauza zote, hata matumizi ambayo wakati ule hayakuwa yamebuniwa.

Halafu ile milioni 50. Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka 2019 alieleza mwenyewe hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Huyo ni mtu ambaye tayari alikuwa anajaza viwanja, na lebo ile ilikuwa imewekeza kwake kweli. Wewe hujawekezewa hata shati, na mlango wa kutokea umeshawekewa kufuli la milioni 50. Tena asilimia 30 yako inalipa gharama kwanza, gharama ambazo anaziandika yeye, kwenye daftari lake, bila wewe kuliona. Ukipiga shoo ya milioni moja, chako ni laki tatu. Akisema usafiri, nguo na hoteli vimekula laki nne, unatoka jukwaani unadaiwa laki moja.

Si kila mdau ni mbaya, na wasanii wengi wametolewa na watu waliowaamini wakaweka fedha zao. Kama huyu anakupenda kweli, atakubali karatasi nyingine: miaka miwili, nyimbo mpya tu mtakazorekodi pamoja, haki zinarudi kwako baada ya muda ulioandikwa, na wewe unaona hesabu kila baada ya miezi mitatu. Mwambie hayo kwa mdomo. Akikasirika, umepata jibu bila kulipa wakili.

Sasa ngoja niseme lililonifanya nichague barua yako. Nimepitia kila senti uliyoandika. Umemlipa prodyuza, dairekta, mwenye nyumba ya Mbezi, mwenye gari, watu wa redio, wenye kurasa na wauza viyu. Hela zote zinatoka kwako kwenda kwa wengine. Pesa nzuri iliyotoka kwa msikilizaji ikaja mkononi mwako ni moja tu, ile 47,000 ya harusini. Ulipata usiku mmoja, bila umeme, kwa wimbo uliokataliwa. Ilizidi dola tisa za mwaka mzima, na ilizidi hata malipo ya ile baa. Na ndiyo pekee uliyoionea haya!

Kutunzwa ni ombaomba tangu lini, mwanangu? Katika taarabu, mama anaacha kiti chake, anakwenda mbele akiyumba taratibu na noti mkononi, anamtunza mwimbaji mbele ya watu wote. Anasema kwa noti ile kwamba maneno haya ni yangu, umenisemea. Hakuna malipo yenye heshima kuliko hayo. Wale jirani zako gizani walikuwa wanakwambia kitu, ukakihesabu ukaona aibu.

Umeuliza kama muziki umekufa. Wimbo kuisha ndani ya wiki mbili na mimi nimeuona, sitakudanganya. Ila sikubaliani kwamba kosa ni la amapiano au la Wanaijeria. Muziki wetu haujawahi kujifungia ndani. Dansi letu lilichukua rumba ya Kongo, na Bongo Fleva yenyewe ilianza kwa vijana kughani juu ya midundo ya Marekani. Nakumbuka siku ambazo ukisikia sekunde kumi tu unajua hii imetoka kwa prodyuza P-Funk pale Bongo Records, na hii ni ya mwenzake Master Jay. Juma Nature alitoka hukohuko Temeke kwenu, akaimba kwa lafudhi ya hukohuko, na mji mzima ukamsikiliza. Singeli nayo imetoka uswahilini, kwenye mchiriku na taarabu iliyokimbizwa mbio kwa kompyuta chakavu, haikufanana na trendi ya mtu yeyote, na leo inachezwa mpaka kwenye matamasha ya Ulaya.

Kinachoua wimbo ni deni. Mtu aliyekopa milioni kwa kausha damu hana nafasi ya kutafuta sauti yake. Anataka wimbo urudishe hela kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo anamwambia prodyuza nipe kama ule unaobamba sasa, na prodyuza naye ana kodi ya chumba, anafungua faili lilelile anabadilisha kidogo. Watu mia moja wenye madeni wakifanya hivyo wiki moja, redio nzima inakuwa wimbo mmoja. Deni linasikika, mwanangu. Nilifungua kichupa chako nikalisikia: unaimba kuhusu magari na safari za ndege kwa sauti ya mtu anayeogopa kugongewa mlango. Halafu nikajiuliza, ule wa bibi uko wapi? Haupo popote.

Zamani haikuwa pepo, usidanganywe na sisi wazee. Lakini mwimbaji wa bendi ya NUTA Jazz, iliyoanza 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, alikuwa mwajiriwa. Bendi ya Sikinde, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ilikuwa chini ya shirika la DDC. Mshahara ulikuwa mdogo, nao walinung'unika sana, ila ulikuwepo, na mchana walifanya mazoezi. Wimbo ulichezwa ukumbini miezi kadhaa, unapunguzwa hapa, gitaa linaongezwa pale, watu wanaitikia au hawaitikii, ndipo unakwenda kurekodiwa. Nilikuwa nasikia pale mlangoni, hata kabla ya kuona sakafu, kwamba wimbo huu umeshika. Wewe unarekodi kwanza, unapiga kichupa, unalipia redio, halafu ndipo unagundua kama watu wanautaka. Umeanzia mwisho, kwenye gharama zote.

Basi geuza. Mshahara wako uwe pikipiki. Mazoezi yako yawe harusi, kitchen party, send-off na mahafali. Mtafute kijana mmoja wa gitaa, Mbagala hawakosekani, mara nyingi wako kwaya za kanisani. Jifunze nyimbo kumi za watu ambazo kina mama wanazijua, katikati uweke mbili zako. Nenda kwa ma-MC wa Temeke mmoja mmoja, waambie bei yako na waombe nafasi ya dakika kumi. Chukua nusu ya malipo kabla ya siku ya shughuli. Ile baa isingekupa 30,000 kama 50,000 ingekuwa imeshaingia kwenye simu yako. Wimbo wako ukiimbwa harusi tano na watu wakaanza kuitikia kiitikio bila kufundishwa, huo ndio wa kurekodi. Na usiukodishie nyumba ya Mbezi. Uimbie palepale uani kwa mama.

Mtandao nao una sheria zake, uzijue ili usitapeliwe tena. YouTube haianzi kukulipa sehemu ya matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000, na watu wawe wametazama vichupa vyako saa 4,000 ndani ya miezi 12, au vile vifupi viwe vimetazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hata ukifika hapo, katika matangazo ya kichupa cha kawaida wao wanabaki na 45 kwa 100. Viyu vya kununua havikuletei mfuasi wala saa, na wakigundua wanavifuta. Spotify, tangu 2024, wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi chochote kwenye mgawo wa masta, yaani rekodi yenyewe. Kwa hiyo dola tisa zako hazijaibiwa, ndivyo mambo yalivyo kwa msanii mdogo. Mtandao uwe kabati la kuhifadhia nyimbo zako kwa sasa, usiutegemee ukulishe.

Lakini kabati liwe na ufunguo wako. Nenda kwa dairekta wiki hii, kwa upole, mwambie akukabidhi chaneli, uwekwe wewe kama mmiliki na ubadilishe neno la siri ukiwa umekaa naye. Nenda pia kwa prodyuza na karatasi moja kwa kila wimbo: maneno na melodia ni ya nani, mdundo ni wa nani, masta inagawanywaje, tarehe, sahihi mbili na shahidi. Mnaogopa kuandikiana kwa sababu ni marafiki. Andikianeni mkiwa bado marafiki. Kisha kasajili nyimbo Ofisi ya Hakimiliki, ile ambayo wengi tunaiita COSOTA. Haki yako ipo hata bila kusajili, ila usajili ni ushahidi siku ya ugomvi. Tangu mabadiliko ya 2022 ukusanyaji wa mirabaha umehamishiwa kwa kampuni zinazoundwa na wenye haki wenyewe, kwa hiyo uliza pale ofisini ujiunge na ipi. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, pia uwe na usajili wako, ukija kupata shoo rasmi watauliza.

Mke wako ameandikwa mstari mmoja tu katika barua nzima, kwamba alitoa 300,000 za kikoba. Ile ilikuwa akiba yake ya mwaka. Kaa naye, mfungulie hesabu zote kama ulivyonifungulia mimi, hata za soda za redio. Mkabidhi daftari ashike yeye. Mimi nilishika la bendi nzima ya wanaume ishirini, na siku nilipougua walishindwa kujua nani kalipwa na nani hajalipwa.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo, aandike tarehe ya ile harusi, na mbele yake 47,000. Kisha niandikie maneno ya wimbo wa bibi, yote. Nataka kuyasoma.

Shangazi yako